Mabawa Niliyoyapiga Pasi

Jumatatu, 2 Juni
Baridi. Mawingu yamelala chini. Kilimambogo haionekani. Hakuna upepo.

Hayo ndiyo niliyoagizwa kuandika. Madam Wilkister ndiye aliyemfunza mume wangu Gathogo kurusha ndege, na jana alipokuja kuona tumefika wapi alisema lazima mtu aandike hali ya hewa kila asubuhi mpaka Agosti: mawingu yako juu kiasi gani, upepo unatoka upande gani, mlima unaonekana au hauonekani. Akauliza nani huamka mapema hapa kwenu. Gathogo akaniangalia, mama yake akaniangalia, hata Becky wa miaka minne akaninyoshea kidole. Eddie ana miezi minane na usingizi kwake ni kitu cha kuonja tu. Kwa hivyo mwandishi ni mimi.

Daftari ni la Becky. Kurasa mbili za kwanza zina ng'ombe wenye miguu sita.

Jumanne, 3 Juni
Kilimambogo haionekani. Eddie anaota jino.

Alhamisi, 5 Juni
Mawingu mpaka saa tano, halafu jua kidogo.

Eddie amelala, wacha niandike vizuri. Kwenye banda la mabati kando ya nyumba yetu hapa Gatuanyaga kuna ndege. Si ya kuchezea. Ina kiti kimoja, injini ya Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, mbavu za mbao, na mwili wa vyuma ambavyo Gathogo amechomelea jioni akitoka gereji Thika. Aliianza kabla hatujaoana. Wanaume wengine wakichumbia huonyesha ploti. Yeye alinionyesha bawa moja ambalo halikuwa na nguo.

Nilikuwa sitaki hata kuisikia. Halafu nikiwa na mimba ya Eddie akaja na ombi. Mabawa yanafunikwa kwa kitambaa, mimi ni fundi wa nguo, na mtu mwingine akishona yeye hataamini. Nikamwambia nitashona, kwa sharti moja: haitaruka mpaka mimi niseme iruke. Madam akisema sawa haitoshi, mkaguzi wa serikali akisema sawa haitoshi. Alikubali mbele ya mama yake na tukapeana mkono. Nafikiri alidhani ni maneno ya mwanamke mwenye mimba.

Sababu ya kungoja baridi ni hii. Hapa kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, na ikipata joto inazidi kuwa nyepesi. Injini yetu ni ndogo. Madam anasema Februari saa sita mchana injini hiyo itampeleka Gathogo mpaka kwa fensi ya Mwau, lakini haitampitisha juu ya fensi ya Mwau. Mwau ni jirani yetu, na malisho yake ndiyo kiwanja chetu. Baridi ndiyo inaifanya hewa iwe nzito na ibebe. Lakini baridi yetu huja na mawingu, na ndege hii hairuhusiwi kukaribia wingu. Kwa hivyo tunatafuta asubuhi moja tu, iwe baridi na iwe wazi. Kibali cha majaribio kinaisha mwisho wa Agosti. Septemba Mwau analima.

Jumatatu, 9 Juni
Kilimambogo haionekani.

Cucu, mama yake Gathogo, ameingia bandani kufuata jogoo, akabaki akitazama. Akamuuliza mwanawe hii itabeba nini. Gathogo akajibu, itanibeba mimi. Na mimi mama yako? Hapana, kiti ni kimoja. Na gunia la mahindi? Hapana. Na Eddie akishikwa na homa, si utampeleka Thika? Hapana, hairuhusiwi kupita juu ya nyumba za watu.

"Basi punda wa Mwau amekushinda," Cucu akasema, akatoka na jogoo wake.

Nilicheka mpaka Eddie akaamka. Lakini jioni nilimuuliza Gathogo bila mzaha: kama ni hivyo, ni ya nini? Alifikiri akinawa mikono. Akasema ndege ya kununua huwezi hata kugusa injini yake mpaka aje mtu wa leseni, na mtu huyo hakujui. Hii yetu ikikohoa yeye anajua inaumwa wapi. Inakunywa petroli ya pale kituoni, ile ile ya bodaboda. Inatua mahali ng'ombe wanatosha kulala. Halafu akasema kuna kitu kingine lakini hajui kukisema.

Nikamwachia. Na mimi ninacho, ninapoweka mkasi kwenye kitambaa kizuri.

Jumamosi, 14 Juni
Mawingu. Leo sijali mawingu.

Tumepiga pasi bawa la kushoto. Kitambaa hiki si pamba. Unakibandika kwa gundi kwenye mbao kikiwa kimelegea, kinaonekana kama shati la mtu aliyekonda. Halafu unapitisha pasi, ile yangu ya nyumbani, na kinajivuta chenyewe. Makunyanzi yanakimbia mbele ya pasi. Gathogo alisimama na kipimo cha moto akinitajia digrii, nami nikimjibu ndiyo, ndiyo, nikisikiliza mkono wangu. Moto ukipungua, kitambaa kitapigapiga kwa upepo. Ukizidi, kitavuta mpaka kipinde mbao, na kazi ya mwaka mzima iende.

Tulipomaliza Gathogo alikigonga kwa kidole, kikalia kama ngoma. Du. Becky akagonga. Du. Nikagonga mimi, halafu nikagonga tena nikiwa peke yangu, walipoenda kula.

Nimechoka mpaka magoti, na nimefurahi mpaka naona aibu.

Jumapili, 15 Juni
Sikuangalia mlima. Tulichelewa kanisa.

Jumamosi, 21 Juni
Kilimambogo ilionekana kidogo saa moja, ikajificha.

Madam Wilkister amekuja kuangalia mishono. Kitambaa kikishapigwa pasi hushonwa kwenye kila ubavu kwa uzi wenye nta, na sindano ndefu inatoboa bawa kutoka juu mpaka chini. Mimi nasimama juu, Gathogo analala chini ya bawa ananirudishia sindano. Madam alipitisha kidole kwa kila mshono kama mtu anayesoma. Nikamuuliza kama kweli ndege ya kujitengenezea ni kitu salama. Akavua miwani.

"Uzuri wake, Mama Becky, unamjua aliyeshona. Ubaya wake ni huohuo. Unamjua, na unajua alikuwa na usingizi."

Hakusema kwa ubaya, na aliondoka akiwa ametusifu. Lakini chai ilinishinda. Kuna ubavu mmoja wa bawa la kulia niliushona wiki ambayo Eddie alikuwa na kifua, na siukumbuki. Sikumbuki sindano wala uzi. Nilirudi bandani nikaukata wote. Gathogo aliona uzi chini, akalala chini ya bawa akangoja sindano.

Ile mishono niliyokata niliikagua mmoja mmoja. Ilikuwa sawa. Bado nimefurahi nimeikata.

Jumamosi, 28 Juni
Injini imewaka.

Walifunga ndege kwa kamba kwenye nguzo ya Mwau, Gathogo akazungusha propela kwa mkono mara kadhaa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Mwau akaanza kusema jambo kuhusu trekta. Hapohapo ikashika. Vumbi, majani, kuku kila upande, kofia ya Becky ikaenda mpaka kwa choo. Cucu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilimziba Eddie masikio nikahisi mwili wake wote unatetemeka, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

Kitambaa hakikupigapiga. Niliweka kiganja juu ya bawa na lilikuwa linavuma, limekaza, kila mahali.

Jumanne, 1 Julai
Haionekani.

Jumatano, 2 Julai
Haionekani.

Alhamisi, 3 Julai
Haionekani. Manyunyu. Eddie amepata jino la pili.

Jumatatu, 7 Julai
Haionekani. Gathogo ameniuliza kama niliangalia vizuri. Nikamwambia mlima si sindano.

Jumamosi, 12 Julai
Mawingu ya juu, upepo kidogo wa kusini. Mfuko wa kuonyesha upepo unatoka wapi, niliomshonea Mwau kwa leso ya zamani, unafanya kazi. Ng'ombe wake wanauogopa.

Leo ndege imekimbia. Kuruka bado, kukimbia tu. Kuitoa bandani kila mtu ana kazi yake: Gathogo na Mwau wanasukuma mabawa, mimi nashika mkia. Eddie mgongoni, naingiza mkono chini, nainua, tunaenda. Uzito wa mkia sasa naujua. Ni mtungi wa maji wa lita ishirini ambao mtu ameshakunywa kikombe.

Gathogo aliikimbiza polepole mara ya kwanza, halafu haraka, halafu haraka sana, na mkia ukainuka wenyewe. Ule ule ninaobeba kila asubuhi. Ulinyanyuka ukakaa hewani, na ndege ikawa inakimbia imenyooka kama inajua inakoenda. Nilipiga kelele nikijua wazi kwamba nilikuwa nimeamua kutopiga kelele.

Jumamosi, 19 Julai
Haionekani.

Mkaguzi amekuja, kijana mpole mwenye viatu safi. Alipima ndege yote, mbele na nyuma, kwa mizani zake, akafungua kila kifuniko. Akauliza nani alifunika mabawa. Gathogo akasema mke wangu. Mkaguzi akaandika jina langu lote, Rachael Ngendo, na akaniuliza herufi.

Amepitisha. Amesoma pia masharti: mchana tu, mbali na mawingu, mbali na nyumba, upepo ukizidi ibaki chini, na asiondoke machoni petu. Kila sharti Gathogo alikuwa akitikisa kichwa kama bwana harusi.

Alhamisi, 24 Julai
KILIMAMBOGO INAONEKANA YOTE.

Baridi ya kuuma pua, mbingu safi, hakuna upepo. Nilikimbia chumbani kumwamsha, kumbe ameshaenda Thika na bodaboda ya alfajiri. Kuna lori lililotakiwa barabarani. Nilimpigia, akasema anaomba ruhusa. Nikampigia Madam, yuko hewani na mwanafunzi. Nilisimama kwenye kiwanja cha Mwau na Eddie, nikitazama mlima na kuuambia ungoje. Kufikia saa mbili na nusu wingu lilikuwa limeshika kilele. Saa tatu hakukuwa na mlima.

Niliketi kwenye ngazi nikalia. Hapo ndipo nilijua. Hii miaka yote nimekuwa nikiichukia kwa mdomo tu. Naitaka ile ndege hewani kuliko yeye.

Ijumaa, 25 Julai
Haionekani. Gathogo amesema kuanzia sasa ataanza kazi saa nne, ameelewana na mwenye gereji.

Jumapili, 3 Agosti
Haionekani.

Kaka yangu Muigai amekuja kutoka Ruiru kula nasi. Kazi yake ni kupaka rangi matatu, zile kali wanaita nganya, na ana mkono, hata mimi nasema. Alizunguka ndege yetu nyeupe akasikitika. Akasema hata gari la maiti lina maandishi. Nami nikamwambia, basi andika majina ya watoto kwa mkia. Kidogo. Akasema sawa, sister, kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti
Haionekani asubuhi. Jioni mawingu yamefunguka.

Nilikuwa Thika kliniki na Eddie mchana kutwa. Kurudi, Muigai alikuwa anakusanya makopo. Mkia mzima umekuwa kitu kingine. Machweo ya zambarau na dhahabu, BECKY upande huu kwa herufi zinazotoka nje kama unaweza kuzishika, EDDIE upande ule na moto nyuma yake, na juu ya yote vanishi inayong'aa mpaka nikajiona. Hakukuwa na mshono, hakukuwa na ubavu, pote laini kama kioo.

"Nganya ya hewani," Muigai akasema, akijifanya hajali.

Nilimkumbatia na Eddie katikati. Gathogo alisimama mikono kichwani akicheka. Kazi nzuri hivyo sijawahi kupewa na mtu.

Jumamosi, 9 Agosti
Wazi. Baridi. Hakuna upepo. Kilimambogo ilionekana hata na giza bado, nyeusi juu ya mbingu.

Nitaandika yote.

Saa kumi na mbili na nusu watu walikuwa wameanza kufika. Mwau ameshatoa ng'ombe. Wanawake wa kanisani wamekuja na mandazi, mwenye gereji amekuja, Muigai alilala kwetu na amevaa miwani ya jua kwenye baridi ile. Madam alipiga simu kwamba amepita Ruiru. Gathogo alikuwa na koti lake jipya, hajala kitu, uso unang'aa. Akaniambia, twende.

Nikaingiza mkono chini ya mkia nikainua.

Nikauweka chini.

Gathogo akageuka akauliza kama ni mgongo. Nikasema ngoja. Nikainua tena. Nilimfungua Eddie nikampa Cucu, nikainua mara ya tatu bila mtoto. Ule mtungi ulikuwa umejaa, na umejaa mpaka shingoni. Nikasema, Baba Becky, mkia umeongezeka.

Akainua yeye. Akasema hasikii tofauti. Kweli hawezi kusikia, yeye hushika bawa. Nikamwomba Mwau ile mizani yake ya kuning'iniza, anayopimia mbuzi. Tukaning'iniza mkia mbele ya watu wote, na wanawake wa kanisani wakasogea kuona. Gathogo akasoma, akatoa karatasi ya mkaguzi mfukoni, akasoma tena.

Zilikuwa zimeongezeka kilo mbili na kitu.

Nilimuuliza Muigai alipaka nini. Akaeleza kwa adabu yote. Kitambaa kina vidonda vya mishono, huwezi kuchora juu ya vidonda. Kwanza akaweka ile dawa ya kujazia bati lililobonyea, akasugua, akaweka nyingine, ndipo rangi, ndipo vanishi mara tatu. Ndivyo kazi ya Ruiru inafanywa, na gari la hivyo halirudi kulalamika.

"Lakini sister, hiyo ni rangi," akasema. "Rangi ina uzito gani?"

Gathogo mwenyewe ndiye alinifundisha hii. Kilo mbili kwenye kiti si kitu. Kilo mbili mwisho wa mkia, mbali vile, zinavuta kama mtoto mnene kwenye ncha ya ubao wa bembea. Pua inainuka hata kama hutaki. Ikiinuka sana mabawa yanaacha kubeba, na uko juu ya fensi ya Mwau, huna nafasi ya kurekebisha. Alinifundisha hivyo kwa kijiko na kisu juu ya meza yetu.

Akasema tunaweza kufunga jiwe mbele. Kilo kadhaa kwenye pua, isimame sawa. Nikasema na injini, itabeba jiwe pia? Akaangalia mlima. Mbingu ilikuwa safi hivyo, na sisi sote tulijua iko kwa saa moja au mbili.

"Mama Becky," akasema polepole, "ni kilo mbili."

"Haitaruka."

"Watu wamekuja."

"Wako na mandazi. Haitaruka, Gathogo. Sijasema iruke."

Kuna mtu alicheka, nafikiri mwenye gereji, akasema kitu kuhusu ndege inayorushwa na mama mwenye nyumba. Gathogo alikuwa mwekundu macho. Sikuwahi kumkatalia mbele ya watu. Hapo ndipo nikasema kwamba aliniahidi mbele ya mama yake, na wote wakamgeukia Cucu aliyekuwa amembeba Eddie, yule aliyesema punda ni bora.

"Nilisikia," Cucu akasema. "Nilikuwa pale."

Gathogo akavua koti. Akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha ndege, akaenda nyuma ya banda.

Madam Wilkister alifika wakati huo. Alinikuta nimekaa kwenye nyasi karibu na mkia nikitazama jina la mtoto wangu. Aliinua mkia, akasoma mizani, akatazama rangi kwa muda mrefu. Nikamuuliza ingeruka au haingeruka.

"Pengine ingeruka," akasema. "Pengine ni neno nisilolipenda hewani." Halafu akauliza kama chai bado iko.

Mawingu yalirudi saa tatu.

Jumapili, 10 Agosti
Haionekani. Nyumba imenyamaza. Muigai aliondoka bila kuaga.

Jumatatu, 11 Agosti
Haionekani. Gathogo anaongea na watoto tu.

Jumanne, 12 Agosti
Haionekani. Hiyo rangi haiwezi kukwanguliwa bila kurarua kitambaa. Nimechukua mkasi nikaukata mkia wote mpaka kwenye vyuma. Nilianzia upande wa EDDIE kwa sababu yeye hawezi kusoma. Becky alisimama mlangoni akatazama jina lake likianguka kwenye karai. Nilimwambia jina halijaenda popote.

Vile vipande vilikuwa vigumu kama ganda. Gathogo alikuja akachukua kimoja, akakipima mkononi muda mrefu. Akaenda kuwasha pasi.

Alhamisi, 14 Agosti
Haionekani. Nimebandika upande mmoja, nimepiga pasi. Du.

Jumamosi, 16 Agosti
Wazi kabisa, na gundi ya mkia haijakauka. Nimetazama asubuhi hiyo nzuri ikipita. Hakuna aliyenilaumu, na nawashukuru.

Jumapili, 17 Agosti
Haionekani. Muigai amerudi. Amekuja na brashi nyembamba ya kuchorea kope za wanawake kwenye madirisha ya matatu, na kopo la rangi dogo kama la mafuta ya midomo. Ameandika Becky na Eddie moja kwa moja kwenye kitambaa, herufi za ukubwa wa ukucha. Amelalamika kazi nzima kwamba hata nzi hatasoma. Kisha akauinua mkia mwenyewe, akaniita niuinue, akasubiri niseme.

Kikombe kimoja kimepungua. Nimemwambia ni sawa.

Jumatatu, 18 Agosti
Haionekani.

Jumatano, 20 Agosti
Haionekani. Mwau ameanza kunoa plau.

Ijumaa, 22 Agosti
Haionekani, lakini kuna nyota jioni hii. Nyingi.

Jumamosi, 23 Agosti
Wazi. Baridi. Leso ya Mwau imening'inia tu. Kilimambogo yote.

Hatukuita mtu. Ni sisi, Cucu, Mwau, na Madam aliyefika na redio yake. Niliinua mkia, tukasukuma. Mizani, sawa. Petroli, sawa. Gathogo akajifunga mkanda. Madam akasema kwa upande wake yuko tayari, kisha wote wakaniangalia.

Nilizunguka ndege nzima. Niligonga bawa la kulia, bawa la kushoto, mkia. Kila kimoja kilijibu. Nikaenda kwa dirisha lake lisilo na kioo na nikamfunga kifungo cha juu cha koti.

"Nenda," nikamwambia. "Halafu urudi."

Alikimbia. Mkia ukainuka. Alikimbia zaidi, nikaona magurudumu yanaruka kijiwe kimoja, kingine, na cha tatu hayakukigusa. Kulikuwa na hewa chini yake. Nyembamba kama kitabu, halafu kama meza, halafu fensi ya Mwau ikapita chini na ng'ombe wote wakainua vichwa. Cucu alisema jina la Mungu kwa Kikikuyu mara nyingi. Madam alikuwa akiongea kwa redio kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari. Mimi nilikuwa nikikimbia. Sijui nilianza kukimbia saa ngapi, na Eddie anarukaruka mgongoni, na Becky nyuma yangu.

Alizunguka upande wa mlima akarudi juu yetu, na jua la asubuhi lilikuwa nyuma yake. Likapita ndani ya mabawa. Niliona kila ubavu, kila mshono, mstari kwa mstari, kama ukiinua shati dirishani kuangalia kazi. Niliona ule ubavu niliourudia. Niliona mikono yangu huko juu.

Alitua akadunda mara mbili, akakaa chini. Alipozima injini hakuweza kufungua mkanda, vidole vilikataa. Nikamfungulia. Alikuwa anacheka na kulia, akaniambia kile kitu asichojua kukisema, bado hajui kukisema.

Alizunguka tena mara moja baada ya chai ya kwanza. Saa tano jua lilikuwa kali, akatazama mlima ambao haukuwa na wingu hata moja, akaanza kuvaa koti. Madam alikuwa ameshaondoka. Nikaona anataka kusema ni safari fupi tu. Nikaweka mkono juu ya bati la pua. Lilikuwa na joto, na hewa pia.

Hakungoja nimwambie. Alichomoa ufunguo wa injini akaniwekea kiganjani, akakunja vidole vyangu juu yake. Nimeuweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano ndefu.

Jumapili, 24 Agosti
Naandika saa nne kasoro. Nimeamka sasa hivi.

Chumba kilikuwa giza, nikajua ni mawingu, nikalala tena. Tangu Eddie azaliwe sijalala hivyo. Nilipoamka mara ya pili nilisikia maji, na Eddie akicheka, na Gathogo akimwambia inua mkono. Nikaenda dirishani. Pazia lilikuwa limebanwa kwa pini zangu za kushonea, kutoka juu mpaka chini, kwa mkono wa mtu asiyejua kubana pini.

Nikazitoa moja moja. Jua likaingia lote. Kilimambogo ilikuwa pale, na vichaka vyake, asubuhi nzuri kuliko zote za msimu huu.

Nilitoka nikamuuliza imekuwa hivi tangu saa ngapi. Alikuwa amepiga magoti kando ya karai, sabuni mpaka viwiko, Becky akimpimia mtoto maji kwa kikombe. Akasema tangu kumi na mbili.

Kanisa tutaenda ibada ya pili. Wacha nimwandikie Madam inavyotakiwa.

Wazi. Baridi. Hakuna upepo. Kilimambogo inaonekana yote. Ndege haikuruka. Mshonaji alikuwa amelala.